Chanda Chema Huvikwa Pete: Habari za Sifa na Fimbo Katika Shule

Wasomaji wetu waijua mithali isemayo kwamba chanda chema huvikwa pete. Wahenga walioitunga hawakuwa wakinena habari za shule, lakini neno lao laingia katika chumba cha kusomea kuliko mahali pengi. Maana mwalimu naye ana pete zake za kuvika, wala si za dhahabu: ni jicho lake, na sauti yake, na jina la mtoto likitajwa kwa wema mbele ya wenzake. Katika makala hii twataka kusimulia jinsi watu wa nchi mbalimbali, tangu zamani za Waroma mpaka nyakati zetu, walivyobishana juu ya jambo hili: je, mtoto hutengenea kwa kukaripiwa na kupigwa anapokosa, ama kwa kuangaliwa na kusifiwa anapofanya vema? Ni habari ndefu, nasi hatutaieleza yote. Penye mambo mengi tutakaa, na penye machache tutapita upesi.

Twaanza Roma. Alikuwako huko mwalimu mmoja jina lake Orbilius, na katika wanafunzi wake alikuwamo Horace, aliyekuja kuwa mshairi mkuu. Horace alipokuwa mtu mzima alimtaja mwalimu wake kwa neno moja, maana yake ni mpigaji, na kwa sababu ya neno hilo Orbilius akumbukwa mpaka leo. (Twaona ni malipo machungu kwa mwalimu, kufundisha miaka mingi, kisha kubaki katika vitabu kwa ajili ya fimbo tu.) Baadaye, karibu na mwaka 95 baada ya kuzaliwa Kristo, Quintilian, mtu wa Hispania aliyefundisha Roma, aliandika kitabu kikubwa juu ya elimu ya usemaji, na humo akakataa kabisa kupigwa kwa watoto, ijapokuwa ilikuwa desturi ya watu wote. Alitoa sababu zaidi ya moja. Kupigwa, alisema, ni jambo la kitumwa. Tena mtoto asiyesikia maneno atazoea na mapigo vilevile, awe sugu. Tena kama yuko mwangalizi wa kukaa na mtoto daima na kuisimamia kazi yake, fimbo haina kazi. Sababu hii ya mwisho ndiyo tuipendayo zaidi, kwa kuwa yaonyesha kwamba aliujua moyo wa walimu: fimbo nyingi hutoka katika uvivu wa kutazama.

Naye hakutaka kuondoa fimbo na kuacha mahali pake patupu. Asimulia kwamba alipokuwa mtoto walimu wake waliwapanga wavulana kwa nafasi, kila mmoja kwa kadiri ya ustadi wake wa kusema, na kila siku ya thelathini mashindano yakafanywa tena, hata aliyeshindwa apate njia ya kupanda. Aona jambo hilo liliwasukuma kuliko maonyo ya walimu na maombi ya wazazi.

Sasa turuke miaka mingi twende Uingereza. Mwaka 1563 tauni ilikuwa katika mji wa London, naye Malkia Elizabeth alikuwa amehamia ngome yake ya Windsor pamoja na wakuu wa serikali. Tarehe 10 Desemba mabwana kadha wa kadha walikula pamoja katika chumba cha Sir William Cecil, waziri wa Malkia. Walipokwisha kuketi, Cecil akatoa habari aliyoletewa asubuhi ile: wanafunzi kadhaa wa shule ya Eton, iliyo karibu na Windsor, wametoroka kwa kuogopa kupigwa. Basi mazungumzo yote yakawa ya shule. Sir William Petre akaitetea fimbo, akaona hapana kitu kingine kiwezacho kuweka shule katika utii. Dakta Wotton akashika upande wa pili, akataka shule iwe nyumba ya furaha wala si nyumba ya hofu. Alikuwapo pia Roger Ascham, aliyekuwa mwalimu wa Malkia mwenyewe wa Kiyunani na Kilatini, naye akanena kwa bidii kutetea upole.

Lakini bwana mmoja, Sir Richard Sackville, hakunena neno mezani. Baada ya chakula Ascham alipanda kwenda kusoma na Malkia. Sackville akamfuata, akamshika mkono, akamwongoza mpaka dirishani. Hapo akamweleza kwamba alipokuwa mvulana alipata mwalimu mpumbavu, na mwalimu yule kwa mapigo yake alimchukiza elimu yote kabla hajatimiza miaka kumi na minne. Sasa ni mtu mzima, aijua hasara yake, wala hawezi tena kuirudisha. Ana mjukuu, jina lake Robert, naye hataki mtoto yule apatwe na yaliyompata yeye. Akamwomba Ascham aandike kwa kirefu maoni yake juu ya malezi ya shule.

Twafikiri maneno haya machache ya kando ya dirisha ni mazito kuliko mabishano yote ya mezani. Petre na Wotton walisema wanayoyadhani. Sackville alionyesha kovu. Naye alikuwa mtu tajiri, mkuu katika hazina ya serikali, asiyekosa kitu cha dunia ila kile kimoja alichonyang'anywa darasani.

Ascham akaandika, lakini akafa mwaka 1568 kitabu kikiwa hakijapigwa chapa, na mkewe mjane akakitoa mwaka 1570. Katika kitabu hicho awafundisha walimu kwamba mtoto akifanya vema asifiwe pale pale, na akikosa asikunjiwe uso, bali aonyeshwe. Naye asema sifa kwa akili ya mtoto ni kama kinoo kwa kisu. Tena atoa mfano aliouona kwa macho yake. Mwaka 1550 alipita Bradgate, katika nchi ya Leicester, akamkuta binti wa kibwana, Lady Jane Grey, amekaa chumbani mwake asoma kitabu cha Plato kwa Kiyunani, na huku wazazi wake na watu wote wa nyumbani wako mwituni wakiwinda. Akamwuliza sababu ya kuacha mchezo ule. Binti akamjibu kwamba mbele ya wazazi wake, akinena au akinyamaza, akikaa au akisimama, akishona au akicheza, asipotenda kwa ukamilifu hukaripiwa na kufinywa hata aone yu motoni. Bali mwalimu wake, Bwana Aylmer, humfundisha kwa upole hata saa anazokaa naye hazihisi kupita. Kwa hiyo kila kisichokuwa kitabu kimekuwa taabu kwake. Binti huyu aliuawa mwaka 1554, akali kijana, kwa ajili ya fitina za kiti cha enzi, na habari hii ya chumbani ni katika mambo machache ya utoto wake yaliyotufikia.

Mwingine twamtaja kwa ufupi, lakini neno lake tutalirudia mbele. Mwaka 1693 John Locke, daktari na mwanafalsafa, alitoa kitabu juu ya malezi ya watoto. Alisema kwamba heshima na aibu zina nguvu kuliko tamu na chungu zote, mtoto akiisha kuzionja. Akaongeza shauri la busara: sifa itolewe mbele ya watu, na karipio litolewe faraghani. Watu wetu hawahitaji kufundishwa nusu ya kwanza ya shauri hili. Mcheza kwao hutunzwa, na hutunzwa pale pale uwanjani ngoma ikilia. Hapana ampelekeaye mchezaji tuzo lake nyumbani usiku kwa siri. Nusu ya pili ndiyo ngumu, maana hasira ya mwalimu hutaka mashahidi.

Basi, hawa wote walikuwa wakinena habari za watoto wa mabwana. Lady Jane alikuwa na mwalimu wake peke yake. Kumwangalia mtoto mmoja si kazi kubwa. Nani atawaangalia watoto mia, au mia tano, wa watu maskini, wasio na viatu wala vitabu? Swali hili ndilo lituhusulo sisi wa vijijini, na mmoja aliyelijibu kwa matendo ni kijana wa London, Joseph Lancaster.

Lancaster alizaliwa mwaka 1778 katika mtaa wa Southwark, akawa mfuasi wa madhehebu ya Waquaker, watu wachukiao mapigano ya kila namna. Mwaka 1798, hajatimiza miaka ishirini, alifungua shule ndogo nyumbani kwa baba yake, akawaita watoto wa maskini, na asiyeweza kulipa ada akasoma bure. Watoto wakamiminika. Alipohamia jumba kubwa katika njia iitwayo Borough Road walikaribia elfu moja, na fedha za kuajiri walimu hakuwa nazo. Ndipo akawatumia watoto wenyewe: waliotangulia wakawafundisha waliofuata, kila mmoja kikundi chake kidogo cha watoto kama kumi. Hao ndio mamonita, na jina hilo lingali katika shule zetu, ijapokuwa siku hizi monita huandika majina ya wapiga kelele tu. Wadogo kabisa walijifunza herufi kwa kuandika kidoleni juu ya mchanga uliotandazwa mezani. Wakubwa walikuwa na vibao vya mawe. Na kwa kuwa vitabu vilikuwa ghali, kurasa zilichapwa kwa herufi kubwa zikatundikwa ukutani, na kikundi kikasimama nusu duara kuzisoma.

Twalitaja jambo la vikundi kwa sababu ndilo lililofanya mambo mengine yawezekane. Katika jumba lile la watoto elfu, hapana mtoto aliyekuwa mbali na jicho la mtu. Kila kikundi kilikuwa na nafasi zake, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliyesahihisha kosa la mwenzake alipanda akachukua nafasi yake. Wa kwanza alivaa kifuani kipande cha ngozi chenye neno la sifa. Watoto waliofanya vema walipewa vyeti, na vyeti vikitimia hesabu fulani vikabadilishwa kwa zawadi: mipira, vishada vya kurusha, picha, vitabu. Zawadi hizo zilitundikwa juu, watoto wote wazione wakiwa kazini. Na waliozidi wote kwa bidii na kwa kuwasaidia wenzao walitiwa katika jamii ya heshima, wakavaa nishani ya fedha shingoni. Fimbo hakuitaka. Mwaka 1803 aliandika kitabu kueleza njia yake. Mwaka 1805 Mfalme George wa Tatu alimwita, akamsikiliza, akaahidi kumsaidia. Na mwaka 1808 kikaundwa chama cha kueneza shule za namna ile, ambacho tangu mwaka 1814 kiliitwa British and Foreign School Society. Njia ya mamonita ikavuka bahari, ikafuatwa katika Marekani na India na katika shule nyingi za misheni za Afrika.

Haya ni mema, na Lancaster astahili sifa zake. Lakini kuna upande wa pili, nao si mzuri kuusoma. Mtu huyu aliyeikataa fimbo aliwafunga watoto wakorofi gogo la mti shingoni, uzito wake ratili nne mpaka sita. Wengine alifunga miguu yao wasiweze kutembea vema. Na wengine aliwatia katika kapu, akalivuta kwa kamba mpaka darini, mtoto akaning'inia hapo kama ndege tunduni, na shule nzima ikamtazama na kucheka. Alidhani aibu hii itawaponya.

Hakulifahamu jambo ambalo lilikuja kufahamika miaka mia na sitini baadaye. Mtoto aliye darini amekuwa mtu mkubwa wa siku ile. Macho elfu mbili yamwelekea. Mwenzake aliyeketi chini akiandika juu ya kibao chake, kimya, hapana amwonaye.

Lancaster mwenyewe alikuwa stadi wa kutoa sifa, lakini kutunza fedha hakujua. Aligombana na wasimamizi wa chama kwa ajili ya madeni, akatoka. Mwaka 1818 akaenda Marekani, kisha akafundisha Caracas kwa mwaliko wa Simón Bolívar, kisha Montreal. Mwaka 1838 aligongwa na gari la farasi katika njia za New York, akafa.

Mpaka hapo kila mtu alikuwa akishuhudia kwa maneno yake tu: huyu asema sifa, yule asema fimbo. Karne ya ishirini ndiyo iliyoanza kupima. Mwaka 1925 Elizabeth Hurlock wa Marekani aliwachukua watoto 106 wa darasa la nne na la sita, akawapa hesabu za kujumlisha kwa siku tano. Aliwagawa katika mafungu yenye uwezo sawa. Fungu moja liliitwa kila siku mbele ya darasa likasifiwa kwa kazi yake. La pili likaitwa likakaripiwa. La tatu lilikuwa chumbani humo humo likasikia sifa na makaripio ya wenzao, lakini lenyewe halikuambiwa lolote. La nne likafanya kazi mbali, bila neno. Matokeo yake yastahili kukumbukwa na kila mwalimu. Waliosifiwa walipanda, wakaendelea kupanda. Waliokaripiwa walipanda siku ya kwanza ya karipio, kisha wakaanza kushuka. Waliosahauliwa walipata faida ndogo. Kwa hiyo mwalimu asemaye kwamba karipio lafaa hasemi uongo. Ameona kwa macho kuwa lafaa, maana lafaa siku moja. Ni kama moto wa makuti.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika kati ya mwaka 1967 na mwaka 1970, katika shule za jimbo la Illinois na za jimbo la Kansas. Wataalamu waliingia darasani wakakaa kimya pembeni, saa mkononi, wakihesabu mambo mawili: mtoto afanya nini, na mwalimu humwangalia lini. 

Katika Kansas City walikuwapo Hall, Lund na Jackson, waliotoa habari zao mwaka 1968. Mvulana mmoja wa darasa la tatu alikuwa msumbufu wa kila siku. Alivuta na kuachia mipira ya kufungia karatasi, alicheza na vitu vya mfukoni, alichekeshana na jirani, na maziwa aliyopewa asubuhi aliyanywa kidogo kidogo kusudi, kisha akalichezea boksi tupu. Walipomhesabia wakaona kwamba alikuwa akisoma kwa kadiri ya sehemu 25 tu katika kila 100 za wakati wake. Walipomhesabia mwalimu wakaona jambo la pili: zaidi ya nusu ya mara alizomwangalia mvulana huyu, alimwangalia asiposoma. Acha hiki, weka kile, maliza maziwa yako. Basi wakapatana na mwalimu. Mvulana akiisha kukaa katika kazi yake kwa kitambo, mmoja wao aliinua kipande kidogo cha karatasi ya rangi, mtoto asikione. Mwalimu alipokiona alimwendea mvulana akamwambia neno la kusifu kazi yake. Alipocheza, hakuambiwa kitu. Kusoma kwake kukapanda hata sehemu 71 katika 100. Halafu, ili wapate hakika, walimwomba mwalimu arudie desturi yake ya zamani. Na kusoma kukashuka. Wakarudisha sifa, kukapanda tena.

Habari ya Illinois yachekesha kidogo, lakini ni ya kweli. Katika darasa la kwanza la watoto 48 walimu wawili walisumbuliwa na watoto wasimamao ovyo na kutembea. Charles Madsen, Wesley Becker na wenzao wakahesabu. Walimu walipoongeza amri ya "Keti!", watoto waliosimama waliongezeka. Kila amri ilimketisha mtoto mmoja kwa dakika moja, na mwalimu akaondoka ameridhika. Lakini kwa jumla ya siku amri ile ilikuwa mbegu ya kusimama. Walipoacha kuamuru wakawasifu watoto walioketi wakifanya kazi, idadi ya waliosimama ikapungua. Katika jaribio lingine la mwaka huo huo wa 1968 waliona kwamba kuwasomea watoto sheria za darasa peke yake kuliwasaidia kidogo sana, na kuyafumbia macho makosa peke yake hakukuleta utulivu. Mambo yalitengenea sifa ilipoongezwa. Hili twalikazia, kwa kuwa wako walimu waliosikia nusu ya habari, wakaacha kukemea, wala wasianze kusifu, kisha wakasema njia hii ni bure.

Na darasa jema laweza kuharibika? Thomas, Becker na Armstrong walichukua darasa la watoto 28 wenye adabu njema, wakamwomba mwalimu wao aache kusifu kwa muda. Fujo ikaingia. Wakamwomba aongeze makaripio mara tatu. Fujo ikazidi, hasa kelele na kutembeatembea. Sifa ziliporudi, adabu ikarudi.

Mithali yetu yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni ni kweli. Darasani nusu yake tu ni kweli: kibaya chajitembeza hasa, kwa miguu na kwa sauti, lakini kizuri hakijiuzi, maana hakina kelele, na mwalimu mwenye kazi nyingi hukipita. Mwaka 1975 Mary Alice White alikusanya hesabu zilizofanywa katika madarasa ya walimu 104 wa Marekani. Katika darasa la kwanza na la pili walimu walisifu kuliko walivyokaripia. Tangu la tatu na kuendelea makaripio yalizidi. Tena sifa zile zilikuwa za majibu ya masomo. Sifa kwa tabia njema, kwa mtoto kukaa vema au kumsaidia mwenziwe, zilikuwa karibu na kutokuwapo.

Wako waonao kwamba kusifu ni kudekeza, nao hawakukosa kabisa. Sifa ina namna zake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa kuwa na akili, walipokutana na maswali magumu wakashindwa, walivunjika moyo upesi, na baadhi yao walidanganya juu ya alama walizopata. Waliosifiwa kwa juhudi yao waliendelea kushikamana na kazi. Ni wazi kwa nini: akili mtoto hawezi kuiongeza usiku mmoja, na akishindwa adhani ameonekana kuwa hana, bali juhudi i mkononi mwake. Kwa hiyo "Umeandika mistari yote bila kuinua macho" ni neno bora kuliko "Wewe una akili," na "Hongera" ya jumla kwa darasa zima si sifa ya mtu yeyote.

Na karipio? Mwaka 1970 O'Leary na wenziwe waliwaomba walimu wawakaripie wasumbufu kwa sauti ndogo, mtoto mwenyewe tu asikie. Walitulia kuliko walipokaripiwa kwa sauti ya kusikiwa na wote. John Locke alikuwa amelisema hilo miaka 277 mbele, bila kuhesabu kitu.

Sheria nazo zimetembea polepole. Polonia ilikataza kupiga watoto shuleni mwaka 1783, kabla ya wote. Uingereza, nchi ya Ascham, ilingoja mpaka sheria ya mwaka 1986 kwa shule za serikali. Na shule nyingine, Eton ikiwamo, ziliingia chini ya sheria ya mwaka 1998, ndiyo kusema miaka 435 baada ya chakula kile cha Windsor. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania haikuviondoa, bali kanuni za mwaka 2002 zilivipunguza visizidi vinne, navyo kwa mkono wa mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na kila mara iandikwe katika daftari. Lakini sheria humnyang'anya mwalimu kiboko tu. Haimtii kitu kingine mkononi. Hapo ndipo walimu wengi walipolalamika, na kilio chao kina haki, maana mwenye kupokonywa jembe ataka kuonyeshwa jembe lingine.

Twajua neno watakalosema walimu wenzetu: mvulana yule wa Kansas alikuwa mmoja, nasi tuna watoto themanini katika chumba kimoja, watatu watatu katika dawati. Ni kweli. Lakini Lancaster alikuwa na elfu. Njia ya vikundi haina gharama, tena monita aweza kupewa kazi ya kuandika majina ya wafanyao vema badala ya wapiga kelele. Kalamu ni ile ile na karatasi ni ile ile. Wako walimu watiao punje kumi za mahindi katika mfuko wa kulia, na kila wamsifupo mtoto kwa jambo alilolifanya huhamisha punje moja katika mfuko wa kushoto. Kengele ya mwisho ikilia hutazama zimebaki ngapi. Na wale wa Kansas hawakukaa siku zote darasani na karatasi zao za rangi. Walizitumia kwa muda tu, mpaka jicho la mwalimu lilipozoea kutafuta lenyewe. Kisha waliondoka, na waliporudi majuma kadhaa baadaye kuhesabu tena, walimkuta mwalimu yu katika desturi ile mpya, na mvulana yule yu katika kazi yake.